Nyumba Iliyotolewa kwa Utani

Hapo zamani palikuwa na fundi makochi. Msiniulize zamani ipi. Si ile ya wanyama kusema. Wanyama walikuwa wameshanyamaza, waliokuwa wakisema ni wenye nyumba wa Dar es Salaam, na neno lao lilikuwa moja tu: "Kodi imepanda."

Fundi huyo aliitwa Desderi Ngonyani, Mngoni wa Songea, aliyemalizia ujana wake Keko kwenye vumbi la mbao na harufu ya gundi. Alikuwa na mke, Namsifu, Mpare wa Same, na watoto wawili. Wote wanne walikaa chumba kimoja, na watoto walilala juu ya makochi ya wateja. Mteja akija kuchukua kochi lake, amechukua na kitanda cha mtoto. Kochi likitoka, mtoto chini. Kochi likiingia, mtoto juu. Ndivyo walivyoishi.

Kodi ikapanda mara ya kwanza, wakaacha nyama. Ikapanda mara ya pili, wakaacha samaki. Ikapanda mara ya tatu, wakatazamana, maana kilichobaki kuachwa kilikuwa ni ugali wenyewe.

"Tuhame, mama Angelo," akasema Desderi. "Twende mji mdogo. Twende Mafinga. Mbao zinatoka huko huko, vyumba ni rahisi, na kwa baridi yake watu hawaogi ovyo, hata sabuni tutaokoa."

"Mafinga tunamjua nani?"

"Hatumjui mtu. Lakini kuna Wahehe."

"Wahehe ni ndugu zako?"

"Si ndugu zangu. Ni watani zangu. Mngoni na Mhehe wametaniana tangu mababu walipoacha kupigana."

"Kwa hiyo mtani atatupa nyumba?"

"Mtani atatutukana kwanza."

"Kisha?"

"Kisha tutaona."

Namsifu akafunga vyombo. Si kwamba alishawishika. Alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka hufunga vyombo upesi.

Mpo? Haya.

Wakashuka Mafinga ukungu umelala barabarani, watoto wamevaa nguo zao zote kwa pamoja. Wakatembea wakiulizia vyumba. Kwenye njia ya kwenda mashine za mbao wakaona nyumba moja: chumba cha mbele kina paa, vyumba viwili vya nyuma ni kuta tupu, na baraza pana linatazama barabara. Barazani alikaa mama mmoja mtu mzima akichambua maharage. Aliitwa mama Kikoti.

"Kamwene," akawasalimu kwa kikwao.

Desderi hakujua kuitikia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujui hata kuitikia. Kabila gani wewe?"

"Mngoni, mama."

Mama Kikoti akaweka ungo chini. Akainuka, akamvua Desderi kofia, akaiweka kwenye kigoda, akaikalia.

"Jamani, njooni mwone!" akapiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Babu yangu alimteka Mngoni, akamponyoka. Leo karudi mwenyewe, na mke, na watoto, na mizigo kabeba!"

Moyo wa Desderi ukatulia kwa mara ya kwanza tangu atoke Dar. Alikuwa ametukanwa na mtu anayemjua.

"Wewe mama," akamjibu, "sisi ndio tuliowateka ninyi. Mngekuwa na nguvu, nyumba yako isingekuwa na kipara kisogoni."

"Basi kiezeke! Ukiezeka nyumba ni yako, mimi ndiye nitakuwa mpangaji wako. Mmesikia ninyi?"

"Tumesikia!" wakaitikia majirani, wakicheka mpaka wanashikana mabega.

Vicheko vilipopungua, Desderi akasogea karibu. "Mtani, sasa tuongee kweli. Kodi kiasi gani?"

"Umeona wapi mateka analipa kodi?"

"Kwa kweli, mtani."

"Kwa kweli gani? Mimi na Mngoni tuna kweli gani?"

Majirani wakacheka. Desderi naye akacheka, ingawa hakujua anacheka nini. Namsifu ndiye hakucheka. Alikuwa anazitazama zile kuta, akipanga kichwani watoto watalala upande gani.

Sasa sikilizeni habari ya paa, maana ugomvi wote uliingilia hapo. Mama Kikoti alikuwa na mtoto mmoja tu, Obadia, fundi wa kuchomelea mageti, naye alikuwa huko huko Dar es Salaam walikotoka akina Desderi. Obadia alikuwa amemtumia mama yake mabati. Lakini mabati hayajiezeki. Yalirundikwa nyuma ya nyumba mwaka mzima, kuku wanatagia chini yake. Desderi akatengeneza makochi ya mwenye mashine ya mbao, akalipwa mbao. Akapandisha kenchi za paa, akapigilia mabati, akamaliza. Mabati ya Obadia. Mbao na jasho vya Desderi. Mvua ya kwanza ikanyesha, ndani pakavu, na watoto wakalala kila mmoja kwenye kitanda chake kisichokuja kuchukuliwa na mteja.

Wakakaa miaka mitatu.

Kila asubuhi Desderi akifungua kazi barazani huita, "Mateka wewe, hujafa tu? Nataka nyumba yangu!" Na mama Kikoti hujibu kutoka ndani, "Sifi mpaka uniezekee na kaburi!" Mpita njia akisikia hucheka, anaendelea na safari yake. Huo ndio utani, na wenyewe wakiuacha siku moja, majirani huja kuuliza kuna mgonjwa.

Mgonjwa akawepo. Mwaka wa pili miguu ya mama Kikoti ilivimba, akawa hatoki kitandani. Namsifu akawa anamwogesha, anamkanda, anampikia uji wa ulezi. Namsifu hakuwa mtani wake, kwa hiyo mama Kikoti hakumtania hata siku moja. Alimwita mwanangu.

Na Desderi? Desderi alikuwa na jambo linamtafuna. Kodi hadaiwi, karatasi hana, neno la kweli hajapewa. Kule Keko mwenye nyumba alikuwa mbaya, lakini akisema toka, unajua maana yake ni toka. Huku aliambiwa nyumba ni yako kila siku ya Mungu, na hakujua maana yake ni nini. Mara ya kwanza alipomuuliza mama Kikoti, alichekwa. Mara ya pili alichekwa. Mara ya tatu alimkuta miguu inamuuma, akaona aibu, akamtania tu akaondoka.

Mwaka wa tatu mama Kikoti akafariki.

Msibani kila mtu ana kazi yake, na mtani ana ya kwake: kuwachekesha wafiwa wasije wakafa nao kwa majonzi. Jeneza lilipotaka kutolewa, Desderi akajitupa mlangoni, akajinyoosha kwenye kizingiti.

"Hatoki mtu hapa! Mateka wangu anakwenda wapi bila ruhusa? Nipeni nyumba yangu kwanza!"

Alisema kwa sauti ya utani. Lakini huku amelala pale akakumbuka ungo wa maharage, akakumbuka kofia yake ilivyokaliwa, machozi yakamtoka, akalia kweli kweli. Watu wakamsifu. "Huyu ndiye mtani!" wakasema. "Tazama anavyojua kuigiza!"

Obadia alikuwa amekuja kutoka Dar na mkewe na watoto wao wanne. Tangu afike alikuwa hajafungua mdomo. Alipomwona Mngoni kalala kizingitini, akacheka, kicheko cha kwanza tangu apate habari.

"Mpeni kuku," akasema. "Na nyumba chukua, Mngoni, chukua na paa lake! Muache mama apite!"

Watu wakacheka huku wanalia. Desderi akapokea kuku, akainuka, mama akapita. Akazikwa vizuri.

Matanga yakaisha. Wageni wakaondoka. Obadia hakuondoka. Watu wakaona kwamba magodoro aliyokuja nayo hayakuwa ya kulalia waombolezaji. Alikuwa amehama.

Siku ya kwanza baada ya matanga, Obadia akamwambia Desderi, "Mtani, asante kwa kututunzia mama. Sasa tunaomba nyumba."

Desderi akacheka. "Nyumba ni yangu, wewe lala nje na baridi ikufunze adabu!"

Obadia akacheka.

Siku ya pili Obadia akasema, "Mtani, tunaomba nyumba."

Desderi akacheka kidogo. Obadia akacheka kidogo.

Siku ya tatu Obadia akasema, "Mtani, tunaomba nyumba."

Hakuna aliyecheka. Wakabaki wanatazamana pale barazani, kila mmoja anamsubiri mwenzake acheke ili naye acheke, na kicheko hakikuja.

Najua yupo mmoja hapo anayetaka kusema: wagawane. Tulia wewe. Walijaribu. Obadia na watu wake watano wakakaa chumba cha mbele, Desderi akabaki na vile vya nyuma, baraza wakalitumia wote wawili. Obadia anachomelea mageti, cheche zinaruka. Desderi anajaza sponji kwenye makochi. Wiki haijaisha, kochi la mwalimu mkuu likashika moto mchana kweupe, na mwenyewe anakuja kulichukua. Kazi zile mbili hazikai baraza moja, na baraza lenye barabara ni hilo hilo. Asiye na baraza hana kazi, na asiye na kazi anarudi alikotoka, na alikotoka hakukaliki. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: mmoja abaki, mwingine apakie watoto arudi Dar es Salaam.

Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mama Chaula. Huyo hakuwa Mngoni wala Mhehe, na watu walisema afadhali. Mtaa mzima ukajaa uwanjani. Ufunguo wa nyumba ukawekwa mezani.

"Desderi, sema," akasema mama Chaula.

"Mama mwenyekiti, mimi niliambiwa ukiezeka nyumba ni yako. Nikaezeka. Waliosikia wapo hapa."

"Tulisikia," wakasema majirani, safari hii bila kucheka.

"Miaka mitatu nimeambiwa hivyo hivyo. Msibani mwenyewe Obadia kasema chukua, chukua na paa lake."

Obadia akaruka. "Ule ulikuwa utani!"

"Na kuku?" Desderi akamgeukia. "Kuku ulinipa kwa mdomo ule ule, wakati ule ule, pumzi ile ile. Kuku nikamla. Mbona hukuja kudai kuku? Kama kuku alikuwa wa kweli, nyumba imekuwaje ya uongo?"

Watu wakaguna. Mama Chaula akamtazama Obadia kama anayesema, jibu hilo.

"Obadia, sema."

"Mama mwenyekiti, mimi nimezaliwa chumba kile cha mbele. Mabati ni yangu. Mtasema sikuja kumwona mama. Ni kweli, na inaniuma, nitaumia nayo mpaka nife. Lakini kila nauli niliyoitafuta ilichukuliwa na mwenye nyumba. Mwaka huu katutoa nje, vitu vikakaa barabarani siku mbili, na simu ya msiba ikanikuta nimekaa juu ya godoro. Nikirudi, narudi kwenye barabara ile." Akamnyooshea Desderi kidole. "Na huyu anasema maneno ya utani ni ya kweli. Sawa. Mama alimwita mateka miaka mitatu. Kama utani ni kweli, basi yeye ni mtumwa wetu, na mtumwa hana nyumba. Kama utani si kweli, basi hakupewa kitu. Achague moja."

Watu wakaguna tena, kwa nguvu zaidi. Desderi alikuwa na hakika na hoja yake alipofika, na sasa aliigeuza kichwani asiione kichwa wala miguu. Alikuwa mateka au hakuwa? Mbona aliitikia kila asubuhi?

Akili ikamrudi kidogo. "Mimi pia nilimwita mateka," akasema. "Tulikuwa tunaitana."

"Basi mlikuwa watumwa wa nani?" akauliza mtu mmoja kutoka nyuma, na watu wengine wakacheka na wengine wakawanyamazisha.

Mama Chaula akajishika kichwa. "Hapa watani wamenichanganya. Nani aliongea na marehemu bila utani?"

Macho yote yakamwendea Namsifu. Alikuwa amekaa pembeni na mke wa Obadia, wamepakata watoto, na haikujulikana vizuri nani kampakata wa nani.

"Mimi," akasema Namsifu.

"Alikuambia nini kuhusu nyumba?"

"Aliniambia neno moja. Alisema, mwanangu, Obadia akija, mpokeeni."

Desderi akasimama. "Hukuniambia!"

"Hukuniuliza, baba Angelo. Ulikuwa unacheka. Na niliogopa utalisikia unavyotaka."

"Si limeshasikika!" Desderi akageukia watu. "Mmesikia? Mpokeeni! Nani anapokea mgeni? Si mwenye nyumba? Alijua sisi ndio wenyewe!"

Obadia naye alikuwa amesimama, machozi yanamtoka. "Mmesikia? Mama alinitazamia nirudi nyumbani! Mtoto akirudi kwao si anapokewa? Alijua mimi nitakuja kukaa!"

Kila mmoja alishangilia neno lile lile. Uwanja ukavurugika, watu wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mjomba na mpwa, mke na mume. Desderi akawasikiliza wanaomtetea na wanaomkataa, na jambo la kutisha ni kwamba wote aliona wanasema kweli. Alimtazama Obadia anavyojipangusa uso kwa mkono wenye makovu ya cheche, akataka kumchukia, akashindwa. Alikuwa anafanana na mama yake kwenye taya.

Mama Chaula akapiga meza. "Na wewe Namsifu, huna la kudai?"

Namsifu akainuka na mtoto mkononi.

"Mimi sikupewa nyumba kwa utani wala kwa kweli. Nilipewa miguu yake, nikaikanda miaka miwili. Nilimfunga kidevu alipokata roho, huyu mwenye maneno yuko barazani na huyu mwenye damu yuko Dar. Sikudai kitu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza."

Kisha bibi mmoja akasema kwa sauti, "Mwenye nyumba ni huyo!" na wanawake wengi wakaitikia.

"Ukipewa wewe," akauliza mama Chaula, "utakaa na nani?"

Namsifu akamtazama mumewe. Akawatazama wanawe wawili. Akamtazama mke wa Obadia, aliyekuwa ameinamisha kichwa, na mtoto aliyelala mapajani.

"Sijui," akasema. "Mama, kwa kweli sijui."

Mama Chaula akaushika ufunguo, akaunyanyua. Akaanza kumwelekea Desderi, akasita. Akaanza kumwelekea Obadia, akasita. Akamtazama Namsifu, Namsifu akatikisa kichwa, na hakuna aliyejua anakataa au anaomba apewe muda. Mwenyekiti akaurudisha ufunguo mezani. Desderi akatafuta utani wowote wa kusema, hata mmoja, ili watu wacheke na wote waende nyumbani. Hakuupata.

Mpaka hapo ndipo ninapojua mimi. Ufunguo uko mezani na watoto sita wanasikia baridi. Mmoja alipewa nyumba kwa mdomo wa utani, akaitikia kwa jasho la kweli. Mmoja alizaliwa ndani yake, akainunulia mabati, akamwacha mama yake peke yake. Mmoja hakuahidiwa kitu, akafanya kazi ya mtoto. Sasa semeni ninyi, na msinitazame mimi: ufunguo apewe nani? Na yule mtakayemrudisha Dar es Salaam na wanawe, mtamwambia kwa mdomo upi, wa kweli au wa utani?